Leonard Pidgeley na Ufa wa Corvedale

Leonard Arthur Pidgeley, ambaye wengi wenu mlimwita Len, alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 mjini Bewdley, Worcestershire. Baba yake, Mzee Harold, alikuwa mfumaji wa mazulia Kidderminster. Mama yake alikuwa Bi. Edith. Kaka yake alifariki angali mchanga, hivyo Len alikua peke yake katika nyumba iliyopakana na mto. Mto ulipofurika, mama alimpandisha ghorofani, wakakaa gizani wakisikiliza maji yakipanda ngazi.

Alisoma Bewdley na Kidderminster, kisha chuo cha ualimu Birmingham. Kuanzia mwaka 1963 hadi alipostaafu mwaka 2001 alifundisha ufundi wa vyuma huko Stourbridge. Hakuwahi kumpigia mwanafunzi kelele. Aliinua kazi mbovu, akaitazama, akairudisha mezani bila neno. Wapo humu kanisani waliopitia mkono wake, na wanajua kwamba heri angewachapa.

Tarehe 16 Julai 1966 alifunga ndoa na Maureen Yapp, na wakajaliwa binti mmoja, Hazel. Mwaka 1969 akaleta nyumbani gari la michezo aina ya Corvedale, la kijani, la viti viwili, lisilo na paa. Kiwanda kidogo kilicholiunda kilikuwa kimekwisha kufungwa, na magari yaliyobaki yalikuwa ya kuhesabika. Maureen alipoliona alisema, "Haya, mke mwenza kafika. Atalala wapi?"

Katika maonyesho ya magari ya mwaka 1973, Len aliinama juu ya Corvedale nyingine, nyekundu, akanusa kiti, akapapasa mlango, akachutama kutazama skrubu.

"Bwana," alimwambia mwenye gari, "gari la zamani, lakini skrubu zake zimezaliwa juzi."

"Na wewe umekuja kukagua gari, au kulichumbia?" akajibu yule bwana.

Huyo alikuwa Roy Tunnicliffe, muuza nyama wa Tenbury. Wakacheka mpaka watu wakageuka, na tangu siku hiyo hawakuachana. Maureen na Sheila, mkewe Roy, walizoea kukaa nyasini na chupa ya chai wakiwangoja wanaume watoke chini ya magari.

Klabu ya wenye magari ya Corvedale ilimchagua Len kuwa mkaguzi wake. Yeye ndiye aliyeamua gari lipi ni halisi na lipi lifutwe kwenye orodha ya klabu. Alisema hivi: rangi itapauka, viti vitashonwa upya, hata injini itafunguliwa na kufungwa, lakini chasisi, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari zima, ni ile moja iliyogongwa namba kiwandani. Ukiitoa, umebaki na gari jingine lililovaa nguo za marehemu. Watu wazima walirudi nyumbani na machozi kwa neno lake.

Linalofuata Len mwenyewe aliagiza lisomwe. Mwanzoni mwa mwaka 1988, Roy alimwita nyuma ya duka lake, akamwonyesha ufa kwenye chasisi, karibu na gurudumu la mbele.

"Niambie kweli, Len. Nikiweka chasisi mpya, utaniacha kwenye klabu?"

"Jibu unalijua."

"Mimi ni rafiki yako."

"Ndiyo maana nakwambia mapema. Ichomelee, uendeshe taratibu."

Roy akacheka. "Wewe ungemfukuza hata mama yako kanisani kwa sababu ya meno ya bandia."

Akaichomelea. Tarehe 11 Juni, katika mashindano ya magari kupanda mlima wa Hollin, chasisi ilikatika palepale penye ufa, gari likiwa kwenye kona. Roy alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika. Len ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Sheila, aliyekimbia kutoka chini, alimkuta amepiga magoti, akichungulia chini ya gari.

Mwaka uliofuata ufa kama ule ulionekana kwenye gari la Len.

"Ibadilishe," Maureen akamwomba.

"Nikiibadilisha mimi, Roy alikufa kwa ajili ya nini?"

Maureen hakupanda tena gari hilo. Kila majira ya kuchipua Len aliingia chini yake na tochi na chaki, akaweka alama pale ufa ulipofikia. Alama zilisogea. Jumapili baada ya chakula alitoka nalo peke yake, na Maureen alifunga bomba la jikoni ili asikie mlio wa gari likirudi. Hazel alipopata mtoto wake, Bryony, alimkataza kabisa kuingia gereji ya babu. Mtoto aliuliza kuna nini humo. Mama yake akamrudisha ndani.

Mwaka 2018 madaktari walimkuta Len na saratani ya mapafu. Siku moja ya Septemba mwaka huu alitoka nyumbani bila kuaga. Hazel alimkuta chini ya mlima wa Hollin, amekaa ndani ya gari, injini imezimwa, mikono ikiwa bado kwenye usukani.

"Baba, unafanya nini huku?"

"Nilitaka kupanda. Mguu umekataa."

"Upande ili iweje?"

Alimpa funguo. "Ita mtu alivute. Usiliwashe, mwanangu."

Wiki hiyohiyo alimwita fundi aiondoe chasisi. Fundi alipoinua bodi, chasisi ilikatika yenyewe, kabla msumeno haujaigusa. Kisha Len akaenda kwenye mkutano mkuu wa klabu, akasimama kwa fimbo. "Wekeni chasisi mpya, nyote," alisema. "Nilimwambia Roy vibaya." Nyuma kabisa Sheila akainuka, akachukua mkoba wake.

"Miaka thelathini na moja, Len," alisema, akatoka.

Len alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 14 Novemba 2019, Maureen akiwa amemshika mkono.

Jumanne iliyopita, wasifu huu ukiandikwa, Sheila alibisha hodi mlango wa jikoni. Hakuvua koti.

"Maureen, umeandika ameacha nani?"

"Mimi, Hazel, na Bryony."

"Niandike na mimi."

Maureen alidhani hakusikia vizuri.

"Aliniacha mjane kabla yako," Sheila akasema. "Niandike, mwenzangu."

Leonard Arthur Pidgeley ameacha mjane, Maureen, binti, Hazel, mjukuu, Bryony, na Sheila Tunnicliffe.

Mungu ampumzishe Len, na Roy pia.