Mzee Suuza Akabidhi Ufunguo wa Maabara

Jarida hili linawaomba radhi wasomaji wake kwa kukaa kimya miezi saba. Haukuwa uvivu. Tulikuwa na wasifu mmoja wa kuandika, na hatukujua tuumalizie vipi. Sasa tunajua, na tunauandika kwa moyo mweupe.

Tarehe 30 Juni, mtunza maabara wa shule yetu, ambaye wanafunzi wote humwita Mzee Suuza, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa kuosha vyombo vya maabara. Akasoma jioni, akafaulu mitihani ya ufundi, akakabidhiwa makabati, mizani na darubini. Jina lake lilitokana na amri yake ya kila siku: chombo husuuzwa mara tatu, hata kikiwa kinang'aa.

Tamasha la sayansi lilianza mwaka wake wa tisa kazini. Siku ya wazazi, akiwa amechoshwa na hotuba, alitoa meza mbili nje ya geti, akapanga lenzi na sumaku, akawaachia watoto wa mtaani. Waliosimama kutazama wakawa wengi kuliko waliokaa ukumbini. Baada ya miaka michache barabara nzima ilijaa meza, na fundi baiskeli akawa anafundisha gia vizuri kuliko mwalimu yeyote. Sheria ilikuwa moja: anayeshika ni mtoto, mtu mzima huweka mikono nyuma. Mkuu wa shule alipojisahau akagusa mizani, binti wa kidato cha kwanza alimwambia, "Shikamoo, mwalimu. Mikono nyuma." Mkuu akatii.

Zamani wasichana wa fizikia walienea kwenye benchi moja. Siku hizi wanagombea viti.

Kwenye tamasha la mwaka jana kila mtoto aliombwa alete maji ya bomba la kwao, ayapime kwa maji ya kabichi ya zambarau, ambayo huwa mekundu yakikutana na asidi. Maji ya bomba la sokoni yakawa mekundu. Kabla ya adhuhuri soko zima lilikwisha kuamini kwamba bomba lina sumu. Bomba likafungwa. Idara ya maji ikaanza uchunguzi, tamasha likasimamishwa, na Mzee Suuza akaarifiwa kwamba huenda akamaliza utumishi wake kwa barua ya onyo.

Aliyeleta maji yale, binti wa muuza mboga, alirudi maabara kesho yake asubuhi akiwa na swali. Jirani yake alichota bomba lile lile. Mbona ya kwake hayakugeuka? Mzee alikwenda kwenye rafu, akanusa kifuniko cha chupa, akavuta kiti akakaa. Siku ya tamasha binti alikuwa amekuja na maji kwenye mfuko, naye Mzee akamwazima chupa yake mwenyewe, ile aliyowekea siki ya kusugulia birika. Mtu aliyetusuuzisha miaka yote hiyo hakuwa amesuuza.

Hakuna mwingine aliyejua. Angeweza kunyamaza, na lawama ingemwangukia mtoto. Saa ile ile alikwenda sokoni, akapanda juu ya kreti, akasema kosa ni lake. Muuza samaki mmoja akapaza sauti, "Haya, baba, leo nani akusuuze wewe?" Soko likaangua kicheko, na yeye akacheka nalo. Wiki iliyofuata bomba lilifunguliwa. Uchunguzi juu yake uliendelea miezi saba, na hakuna siku aliyochelewa kazini.

Barua imefika majuma mawili yaliyopita. Maji ni salama, hakuna aliyedhurika, kosa lilikiriwa mapema, onyo halitatolewa, na tamasha linaruhusiwa. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaomba chai. Watumishi wote tulishusha pumzi pamoja naye.

Mzee wetu, ahsante kwa kazi yako, na ahsante kwa mama wa nyumbani kwako, aliyekuvumilia na harufu ya dawa za maabara. Uende salama, upumzike vizuri, ulale bila kuwaza. Mwaka jana hapakuwa na mwalimu aliyetaka kubeba mzigo wa tamasha. Sasa wameomba wanne, na yule binti amewaandikia wajumbe wa bodi ya shule kudai kikao cha kumchagua mmoja wao kisiahirishwe. Wanakutana mwezi ujao. Wakishaamua nani ataliongoza tamasha, tutakuandikia siku hiyo hiyo.