Mafundo Matatu ya Tyubu

Kwenye bajaji ya kutoka Bigwa, Mzee Mwinshehe, fundi mstaafu, aliketi na dereva wa lori aitwaye Evance.

"Shikamoo mzee. Kesho nawapeleka mke wangu na kichanga chetu Makete, na hita ya lori inapuliza baridi tupu."

"Marahaba. Makete! Huko nimeona chai ikiganda kabla haijafika mdomoni." Shahidi hakutaja. "Injini ikipata moto, shika ile mipira miwili ya maji inayoingia kwenye hita. Ikiwa ya baridi yote, maji ya moto hayafiki."

"Yatafikaje? Fundi aliichomoa hiyo mipira, akayarudisha maji kwenye injini."

"Mafundi wa Morogoro hao! Kwa joto la hapa, hita wanaiona adui. Mpumbavu gani huyo?"

"Simjui, lori nililikuta hivyo. Amefunga kwa tyubu ya baiskeli, mafundo matatu."

 Maisha yake yote ya ufundi, mzee hakuwahi kufunga mawili, wala manne. Akaanza kukumbuka malori aliyoyafunga hivyo. Yalipofika thelathini akaacha.

Bajaji ikasimama Msamvu. "Nikimpata huyo, mzee wangu!" alisema Evance akishuka.

"Ngoja, mwanangu." Mzee naye akateremka, ingawa kwake kulikuwa bado mbele. "Lori liko wapi?"