Sajini Ajok na Kizibo cha Gambuti

Kwa miaka ishirini na tisa kucha za Sajini Ajok Sylivia hazijawahi kuisha oili, hata siku za harusi. Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, atakabidhi spana zake kwa karakana ya kambi yetu hapa Kasese na kustaafu rasmi. Wasifu wake nimepewa niuandike mimi, Koplo Mugume Benon, mtunza stoo, kwa sababu eti mwandiko wangu unasomeka.

Ajok ni mtu wa Lira, kaskazini mwa Uganda. Alijiunga na jeshi mwaka 1996 na kuletwa huku 2003, akijua maneno mawili tu ya Lhukonzo, lugha ya huku: moja la kusalimia, jingine la kuomba chai. Miaka sita aliitumikia karakana yetu ndogo ya Bwera, na huko alijifunza kugombana kwa Kiswahili cha Kongo na madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Sijasikia kwamba aliwahi kushindwa.

Chumvi ya ziwa la Katwe, inayokula vyuma, aliichukia kuliko wezi. Gari lililotoka Katwe halikukanyaga karakana yake kabla ya kuoshwa tumbo, na kapteni mmoja aliyejaribu kubisha aliishia kukunja suruali na kushika mpira wa maji mwenyewe.

Kazi yake kubwa ni ile Landikruza ya wagonjwa ya Bwera. Ilikuwa ikipanda vilima vya Karambi kwa kusitasita, na akina mama wenye uchungu walikuwa wakiisukuma kwa sala. Ajok akaifungia turbo iliyotoka kwenye gari lililopinduka, ikaanza kupanda bila kuombwa. Sasa, kila injini ina bomba la kupumulia, la kutolea hewa ya moto inayopenya pembeni mwa pistoni. Turbo huiongeza hewa hiyo, nayo hutoka na matone ya oili. Kwa hiyo Ajok alilielekeza bomba kwenye chupa ndogo pembeni ya injini, ili matone yaishie humo.

Mwaka 2019 oili ikaanza kupotea. Lita mbili kwa wiki! Chini ya gari pakavu, chupa tupu, na mpaka wa Kongo uko pale pale. Dereva alikuwa Hamuza. Mimi mtunza stoo, niliyejiona mpelelezi, nikaandika barua yenye mwandiko mzuri kabisa, nikaianza kwa "kikulacho ki nguoni mwako", nikamtaja Hamuza kwa jina kuwa anaiba oili. Kamanda akaisoma kwenye paredi. Hamuza alijibu kwa sentensi moja tu: "Afande, miye naweka yote mu injini, Mungu iko naona." Akapewa wiki moja ajieleze, la sivyo kazi basi.

Ajok aliomba siku tatu na lile gari. Siku ya kwanza alishuku ringi za pistoni. Akazipima, zikawa nzima. Siku ya pili alipanda Karambi na Hamuza kwenye usukani, yeye akiwa nyuma anachungulia ekzosi. Kila walipofika mwinuko mkali, moshi wa buluu. Oili ilikuwa ikiungua, si kuuzwa. Siku ya tatu, Bwera, aliliacha gari likinguruma, akafungua kifuniko cha oili na kuziba tundu kwa kavera, mfuko wa plastiki. Kavera likavimba kama andazi kwenye karai. Injini ilikuwa imebanwa pumzi, na oili ilikuwa inasukumwa hadi kwenye turbo na kuungua. Akalifuata bomba kwa vidole mpaka mwisho wake, akakuta kizibo kilichokatwa kutoka gambuti la kijani, kimefungwa kwa waya uliosokotwa mara tatu kushoto. Karakana nzima ni mtu mmoja tu anayesokota waya hivyo.

Hapa niseme desturi yetu. Kabla ya ukaguzi injini zetu hung'arishwa kama masufuria ya bibi harusi, kwa sababu afande mkubwa hupita na leso nyeupe. Asubuhi ya ukaguzi Ajok alitoa chupa na kuziba bomba lisidondoshe, kwa saa moja tu. Kabla saa haijaisha, lori letu likafia njiani, Hima. Akatumwa kulivuta, na mwingine akairudisha chupa mahali pake bila kuuliza. Kizibo kikasahaulika mwezi mzima.

Siku hiyo ya tatu, alipokiona, Ajok alikuwa peke yake chini ya boneti. Kizibo chenyewe ni kidogo kama kidole gumba, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kupandishwa kuwa sajini. Angeweza kukitupa shimoni akasingizia ringi. Kesho yake kwenye paredi alitoka mstarini, akamwekea kamanda kizibo kiganjani: "Afande, oili hakuna mtu aliiba. Ni mimi nilifunga hii paipu siku ya inspekshen, nikasahau. Hamuza hana makosa."

Alipewa zamu za adhabu siku saba na jina likafutwa. Usajini ulimfikia miaka mitatu baadaye. Ndiye aliyeleta sheria yetu ya utepe mwekundu: chochote kinachozibwa kwa ajili ya ukaguzi, utepe hufungwa kwenye usukani, na gari haliondoki mpaka ufunguliwe.

Afande Ajok, tunakushukuru sana, nami nakupenda kama dada. Uende Lira salama, ulime, ulale mpaka jua likuchoke, na Mungu akupe afya na wajukuu wasiogusa spana.

Lakini siku ile baada ya paredi, wewe ulimwendea Hamuza ukamshika mkono kwa mikono yako miwili. Mimi nilirudi stoo nikajifanya napanga filta. Miaka sita sasa namtolea oili na kumtania, na sijawahi kulisema kosa langu. Naona aibu kukuaga nikiwa hivi, na wasifu huu utasomwa Ijumaa kwenye paredi, kila mtu akiwepo. Hamuza, niliandika bila hata kufungua boneti. Nilikuita mwizi mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba unisamehe.