Kimeli arap Tuwei, Mwenye Injini (1922–1975)

Marehemu mzee wetu Kimeli arap Tuwei alizaliwa Moiben mwaka wa 1922, kifungua mimba wa Mzee Tuwei na Mama Jepkosgei. Huo mwaka ni wa kukisia. Ngumi yake ya kwanza ndiyo tunajua vizuri: ilikuwa 1926, wiki ile mdogo wake Kipkorir alianza kutembea.

Shule alifika darasa la tatu, akatoka baada ya kumrushia mwalimu kibao cha kuandikia. Mwalimu alibaki na kovu.

Kuanzia 1941 alifanya kazi kwa mzungu mmoja upande wa Sugoi, kushika spana na kulala chini ya trekta. Mwaka wa 1948 alimuoa Esther Chepkoech, ambaye Kimeli hakuwahi kumpiga, kwa sababu Esther pia alikuwa na mkono.

Mzungu alipoenda kwao 1965, Kimeli na Kipkorir walinunua shamba lake pamoja, na Land Rover kuukuu ikabaki uani. Mwaka uliofuata walipigania mpaka. Kipkorir alimkata bega na panga. Kimeli akamvunja mguu na chuma ya jeki. Wazee wakagawa shamba katikati, halafu wakagawa gari: Kimeli akapata injini, Kipkorir magurudumu.

Tangu hapo hiyo gari haikutoka bila vita. Ilivuja oili, ikavuja maji, ikavuja breki. Kimeli alikata gasketi ya ngozi ya ng'ombe, akaziba tangi na sabuni ya kipande, halafu akasimama kwa ua.

"Wewe mwenye miguu, leta miguu."

"Kuja uchukue," Kipkorir alimjibu. "Na ulete hilo bega lingine."

Lakini 1971, Chepngetich, bibi ya Kipkorir, alipozidiwa na uchungu wa kuzaa, walimfikisha Eldoret, mmoja akiendesha, mwingine akiongeza maji kwa redieta, wakitukanana hadi mlango wa wodi. Mtoto aliitwa Kimeli.

Tarehe 9 Agosti 1975 marehemu alikuwa chini ya gari akifunga paipu ya breki. Kipkorir alifika kudai magurudumu yake, maneno yakapanda, jiwe lililozuia gari likatoka. Gari ikamkalia kifuani. Kipkorir aliiinua na mikono mpaka kucha mbili zikang'oka.

Hospitalini, wazee wa ukoo walimuuliza Kimeli kama hiyo ni damu iliyomwagwa makusudi, ndio Kipkorir afukuzwe shambani.

"Ni mimi nilimwambia atoe jiwe," akasema Kimeli.

Wazee wakamgeukia Esther, aliyekuwa uani siku hiyo. Esther aliangalia ukuta kidogo.

"Nilisikia," akasema.

Kimeli alituacha tarehe 12, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane Esther, watoto watano, wajukuu tisa, na ndugu mmoja, ambaye bado yuko shambani kwake. Kipkorir, chukua koleo, udongo wa kwanza ni wako.

Kimeli, sasa pumzika, Mungu akutulize.