Ametoka, Ameenda Wapi?

Ijumaa, tarehe 30 Juni
Kwa Shangazi wetu wa dirishani

Leo jioni Shangazi anafunga dirisha la dawa kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi, karibu nusu yake akiwa hapa kwenye kituo chetu cha tiba ya uraibu. Anastaafu akiwa na afya njema, sauti ileile inayosikika mpaka getini, na funguo zilezile alizozifunga kipande cha bendeji ili zisipotee. Daktari wetu humuuliza kila mwaka kama hizo funguo bado hazijapona.

Alitujia kutoka wodi ya wazazi. Alisema kule alipokea watu wanaoingia duniani, huku anapokea wanaorudi, na kilio ni kilekile. Wagonjwa wetu ni watu waliozama kwenye heroini au vidonge vya maumivu. Kila asubuhi hunywa dawa ya methadoni mbele ya dirisha, ili arosto, yale maumivu ya kukosa dawa za kulevya, isiwavute tena. Shangazi anawajua kwa sura na kwa majina ya watoto wao. Chai yake hupoa mezani. Sijawahi kumwona akiinywa ya moto.

Kazi yake kubwa ilianza na neno moja. Gerezani nako kulikuwa na wagonjwa wetu, na dawa yao ililipiwa na fungu la gereza. Mtu akimaliza kifungo, mganga wa gereza alitupigia simu kusema fulani ametoka. Kwao ilikuwa habari njema. Kwetu, "ametoka" lilikuwa neno la mtu aliyeacha tiba, na jina lake lilifutwa. Basi mtu alipita langoni akiwa huru, hana dawa ya kesho, na hakuna fungu linalomtambua.

Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Alifika nyumbani akicheka, akamtengenezea mama mguu wa kiti uliokuwa ukicheza. Arosto ilipomzidi akarudia kipimo chake cha zamani cha heroini, na mwili haukukiweza tena. Shangazi alikuja msibani, akavua viatu mlangoni, akaosha vikombe pamoja na mama zangu wadogo. Kabla ya kuondoka alimwomba mama amweleze kijana huyo alipenda nini. Mama akasema alipenda kupiga mluzi. Mpaka leo mtu akipiga mluzi kwenye foleni, Shangazi huchungulia dirishani kumtazama.

Mwaka uliofuata nilianza kazi hapa, nikiwa msaidizi wake. Nilimkuta na desturi mpya. Gereza likipiga simu kusema mtu ametoka, yeye huuliza, "Ametoka, ameenda wapi?" Asipojibiwa, huenda langoni mwenyewe. Siku moja kijana aliyeachiwa aliona mama mwenye sare anamwita kwa jina, akadhani anakamatwa upya, akatimua mbio. Shangazi akamfuata, kiatu kimoja mkononi, akipaza sauti: "Mwanangu, simama, sina pingu!" Kijana huyo leo ni fundi baiskeli, na ndiye aliyetengeneza bawaba za dirisha letu. Bado anatuapia kwamba siku ile alimwachia tu Shangazi ushindi.

Hoja ya fedha za dawa ya wanaoachiwa aliipeleka kwenye bodi inayosimamia fungu hilo. Mara mbili ilirudishwa, kwamba fungu ni la waliomo ndani na hawa wameshatoka. Mara ya tatu aliingia kikaoni mwenyewe na swali lake. Mhasibu wa bodi, aliyekuwa mpinzani wake mkubwa, alikiri kwamba hajui wameenda wapi, na tangu siku hiyo akawa upande wake. Zikapatikana fedha za majaribio: dawa ya miezi ya mwanzo uraiani, nauli ya kufika kituoni, na mshauri wa kuwapokea langoni.

Lakini majaribio hayo yalikuwa yakiisha leo, siku moja na utumishi wake. Shangazi alisema hang'oki dirishani mpaka fungu liwe la kudumu. Jumatatu bodi ilipitisha. Mhasibu anadai walikubali ili tu wapate kumuaga. Sisi tulimwona Shangazi akirudi kutoka kikaoni jioni, amechoka, akituomba tusimwambie neno mpaka akae.

Kesho asubuhi wapo wanaoachiwa. Langoni watamkuta mshauri, na dirishani watanikuta mimi, na funguo zenye bendeji.

Asante, Shangazi. Tunakuombea siku nyepesi, magoti yasiyouma na wajukuu wasikivu. Mtu akikuulizia, tutasema ametoka. Akiuliza ameenda wapi, tutamjibu bila kusita: kwake, kunywa chai ya moto.

Na huko uendako, ukisikia mluzi, mkumbuke mdogo wangu. Utukumbuke na sisi.