Kuanguka Mara Tatu Kwenye Meza ya Pasi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, na wote mlioongozana naye,

Karibu Jengo la Pili. Kaa vizuri. Hicho ndicho kiti pekee chenye mgongo humu ndani, tumekiazima kwa msimamizi. Ukisikia baridi utuvumilie. Feni hizi tatu zimewashwa leo asubuhi kwa heshima yako, na hata sisi tumeshangaa kujua kwamba ni nzima.

Ofisi ya utumishi ilituletea risala iliyokwisha kuchapwa, ya kukushukuru kwa chumba cha huduma ya kwanza unachokifungua leo. Tumeisoma, haina kosa hata moja. Tumeiambatisha nyuma, utaisoma garini. Hii ni ya kwetu. Tuliiandika kwa mkono saa ya chakula, ndiyo maana ina mafuta pembeni.

HISTORIA FUPI

Sisi ni washonaji, wakata nyuzi na wapiga pasi wa mashati. Hilo ulilovaa, kola yake tunaifahamu. Na humu ndani, Mheshimiwa, watu huanguka. Mtu yuko kwenye mashine, masikio yanaanza kuvuma, macho yanaingia giza, halafu anakwenda chini na shati mkononi. Zamani aliyeanguka alipewa soda, akaona haya kidogo, akarudi kazini.

Miaka miwili iliyopita msimamizi wetu alileta kitabu chenye jalada la kijani, akakiita Daftari la Maanguko. Ukianguka mara ya kwanza unaandikwa. Ya pili unaonywa. Ya tatu unakwenda nyumbani na barua. Alitueleza kwamba kuanguka ni uvivu, na uvivu huambukiza kama miayo. Tangu siku hiyo tulijifunza kuanguka tukiwa tumekaa, kichwa juu ya mashine, mguu ukiendelea kukanyaga.

TULIYOJIFUNZA

Aliyetufumbua macho ni nesi wa zahanati ya ng'ambo ya barabara. Alitufundisha kuvuta kope la chini na kutazama ndani. Pakiwa pekundu, nenda kazini. Pakiwa peupe kama kitambaa cha kola, njoo upimwe damu. Tukawa tunakaguana getini kila asubuhi. Mlinzi alidhani tunatoana vumbi.

Nesi alisema damu ndiyo inayobeba hewa mwilini. Ikipungua, moyo unakimbia na mwili haufiki popote. Akasema pia kwamba upungufu wa damu si ugonjwa mmoja. Ni kama shati lililorudishwa na mkaguzi: kosa laweza kuwa kwenye kola, kwenye kifungo au kwenye uzi wenyewe. Mwingine amekosa madini ya chuma. Mwingine ana minyoo, mwingine malaria, mwingine kazaa mara tatu katika miaka minne na hajapumzika. Mshona vifungo wetu alikuwa akipata hedhi siku tisa, nasi tukimwambia ndivyo tulivyoumbwa, avumilie. Kumbe damu yake inachelewa kuganda, kazaliwa hivyo, na hospitali ina dawa yake. Uvumilivu tuliomshauri ulikuwa wa bure kabisa.

MAFANIKIO

Arobaini kati yetu walikutwa na upungufu wa madini ya chuma, wakapewa vidonge. Wiki ya kwanza tulivimeza kwa chai, kwa kuwa hapa chai huja pamoja na chakula. Nesi alishika kichwa. Chai inazuia madini yale kuingia mwilini, kwa hiyo tulikuwa tukiyapitisha tu kama wageni wasioulizwa jina. Tulipoanza kuvimeza kwa maji, vikafanya kazi, na choo kikawa cheusi kama rangi ya viatu. Siku hiyo wanne waliaga watoto wao kwa simu. Nesi alicheka mpaka akakaa chini, akatuambia ni kawaida ya dawa.

Kutoka watu tisa kwa mwezi, wanaoanguka wakawa wawili. Hatutii chumvi. Msimamizi aliandika mwenyewe.

KOSA LETU

Hapa tunasema jambo ambalo ofisi haikutuomba kulisema.

Vidonge vilikuwa vya waliopimwa. Sisi tukavigawa kwa kila mwenye kope jeupe, kwa kuwa humu tunagawana kila kitu, kuanzia sindano mpaka umbea. Binti wa meza ya pasi namba tano hakupimwa. Ni mtoto wa marehemu mwenzetu wa mashine ya kola, ndiye anayelisha wadogo zake watatu. Kope lake lilikuwa jeupe, na jicho lenyewe lilikuwa na umanjano. Weupe tuliuona, umanjano hatukuuliza. Alikuwa akilalamika mifupa inauma, tukamjibu kwamba umri huo bado hana mifupa. Wiki sita tulimsimamia ameze, kama anayelishwa uji.

Alianguka. Akaanguka tena. Alipoanguka mara ya tatu, msimamizi alisimama juu yake, akatuambia sote: “Dawa ameshakunywa na wenzake wamepona. Huyu anaigiza.” Na kwenye barua ya kumfukuza aliandika vivyo hivyo, kwamba ameendelea kuanguka licha ya kutibiwa pamoja na wenzake. Basi barua ile, Mheshimiwa, tumesaidia kuiandika.

Tulimbeba mpaka zahanati. Nesi alimpima, kisha akatugeukia. “Nani aliwaambia kope jeupe lina dawa moja?” 

Binti ana selimundu, ugonjwa wa chembe za damu. Amerithi kwa baba na kwa mama. Chembe zake za damu hujikunja, zikakwama kwenye mishipa, na hapo ndipo maumivu yanapotoka, na huvunjika mapema kuliko zetu. Ugonjwa huu hauambukizi. Tunakunywa naye kikombe kimoja. Vidonge vyetu havikuwa dawa yake, na mtu wa namna hiyo hapewi madini ya chuma kabla ya kupimwa. Anachohitaji ni kliniki, vidonge vya foliki, kupumzika anapochoka, na maji, maji mengi.

Sasa tazama meza ya pasi. Chupa ya maji ni marufuku pale, eti tone litatia doa shati. Chooni ni mara mbili kwa zamu. Yule binti alisimama kwenye mvuke kwa muda wa saa tisa kila siku, koo kavu. Tulimuuliza tukuambie nini. Alimwambia bibi anayekusomea risala hii: “Bibi, andika kwamba niliomba maji. Huruma sikuomba.”

MAOMBI

Chumba unachokifungua tumekichungulia. Kitanda bado kina nailoni, kabati lina bandeji mbili, ukutani kuna picha ya moyo. Tunashukuru kwa picha. Tunaomba nesi aletwe siku mbili kwa wiki apime damu kwa kipimo, si kwa macho yetu ya kukatia nyuzi.

Chai isogezwe iwe saa mbili baada ya chakula.

Maji yaruhusiwe kwenye meza ya pasi. Tumeshona mashati miaka ishirini na mitano, na tone la maji hukauka kabla msimamizi hajamaliza kufoka.

Kuhusu Daftari la Maanguko, hatukuombi uamuru lichomwe. Halionekani tangu jana, nasi tunakuomba usituulize.

La mwisho si ombi, ni taarifa. Binti yule hayuko nyumbani. Yuko hapa, amesimama kwenye meza yake, ana chupa ya maji na kigoda. Mlinzi alipomwona getini aliamua kutazama mawingu. Kengele ya zamu ikilia ataiwasha pasi yake. Ikizimwa, mashine zote za jengo hili zitazimika nayo, nasi tutakaa hapa kimya, macho wazi, bila mtu kuanguka.

Mungu akupe afya, akufikishe salama kwa watoto wako, na akutie moyo mwepesi wakati wa kuamua. Imesomwa na bibi mkata nyuzi, aliyebakiza miezi minne kustaafu, kwa hiyo utovu wote wa adabu uliomo humu uandikwe kwake.

Ni sisi wa Jengo la Pili: washonaji mia moja na watatu, wakata nyuzi sita, na wapiga pasi watano. Ofisi itakuambia wanne. Wahesabu mwenyewe.