Mama Nkinda na Mashamba Yenye Majina

Tukuyu, Juni 2008. Ni miaka kumi tangu nipunguzwe kazini na kuondoka Bariadi. Nimepata habari kwamba Maximiliana Nkinda anastaafu tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili katika utafiti wa pamba.

Alikabidhiwa kituo chetu cha utafiti huko Bariadi mwaka 1995, soko la pamba likiwa limefunguliwa kwa kampuni binafsi juzijuzi tu. Kampuni za wanunuzi zilikuwa zikiwavuta watafiti kwa ahadi ya magari. Wawili walikwisha kwenda. Angeondoka wa tatu, kituo kingefungwa. Na kazi yenyewe ilichosha: mmoja alipima udongo, mwingine alihesabu wadudu, uamuzi ulitoka makao makuu, na hakuna aliyejua mkulima alivuna nini.

Mama Nkinda hakuwa na fedha za kuongeza mishahara. Alibadilisha kazi. Kila mtafiti alipewa shamba la majaribio kijijini, alisimamie mwenyewe tangu mbegu hadi mavuno, na siku ya wakulima asimame pale aeleze. Shamba liliitwa kwa jina lake. Kwa Wasukuma, shamba likishakuwa na jina la mtu, utani haukwepeki.

Athanasi Mashimba, mtaalamu wetu wa wadudu, alikwisha kuahidiwa gari. Shamba lake la Nkololo, alilochelewa kulipulizia dawa, likaliwa na funza wa vitumba. Bibi Nyanjige, mkulima jirani, akamuuliza mbele ya wote: “Baba daktari, mbona wadudu wako umewakaribisha kwako kwanza?”

“Mama, walikuja na njaa.”

Watu walicheka hadi wakaketi chini. Sisi tulingoja Athanasi akaripiwe. Mama Nkinda alicheka nao, kisha akasema: “Shamba bado ni lako. Mwakani utapulizia lini, utaamua wewe.”

Wiki hiyo Athanasi aliwakatalia wenye gari. Alisema hawezi kuondoka Nkololo akiwa ameshindwa na funza. Msimu uliofuata alivuna vizuri, hata Nyanjige akaja kuomba ushauri, ingawa matani hakuyaacha.

Hakuwa malaika, mama huyu. Mikutano yake ya Jumatatu ilikula hadi saa ya chakula cha mchana. Lakini tuliingia tukiwa na la kusema, maana kila mmoja alikuwa na lake.

Kituo hakikufungwa. Athanasi ndiye anayekabidhiwa ofisi.

Mama Nkinda, asante. Mvua ikufikie shambani kwako Kasoli kwa wakati, na afya ikae nawe. Haya atayasoma mwingine siku ya sherehe ya kukuaga. Mimi, tangu nipunguzwe kazini, sijarudi Bariadi, wala sitarudi.